Taulo la Wessel

Stellenbosch, 2 Machi 1971

Mama mkubwa mpenzi,

Shikamoo, wewe na Baba mkubwa Gideon. Magoti yanasemaje? Mimi sijambo, ila wanafunzi wananizeesha. Kopo la mikate mikavu lilifika, asante sana. Walimu wenzangu wameichovya kwenye kahawa yangu mpaka ikaisha, bila haya.

Nina la kuungama. Natafsiri mchezo wa kale wa Kigiriki kwa Kiafrikana chetu, utachezwa tarehe 17 Aprili. Yumo mama anayeletewa maiti ya mwanawe. Maneno yake nimeyafasiri mara tisa, na kila mara anaongea kama profesa, yaani kama mimi. Mwishowe nikaandika uliyosema wewe siku Wessel wenu alipotolewa bwawani. Nilikuwa na miaka minane, nimejificha chini ya meza ya jikoni: "Leteni taulo. Mkausheni nywele, atapata mafua."

Bila maneno hayo mchezo hauna roho. Lakini ni yako. Ukikataa, nayafuta.

Mwanao,
Alida

Stellenbosch, 29 Machi 1971

Mama mkubwa,

Shikamoo tena. Natumaini ni uvivu wa posta, si ugonjwa. Wiki nne kimya, nimeelewa. Leo nimeyafuta. Nilichukua kwanza, nikaomba baadaye. Nisamehe.

Mwanao,
Alida

Fraserburg, 5 Aprili 1971

Alida mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, yanatabiri mvua isiyonyesha. Baba yako mkubwa hajambo, yuko na kondoo wake, haongei, kama kawaida.

Hasira zilinipanda, sikufichi. Mtoto wa chini ya meza wee! Nilikanda unga wa kulisha watu hamsini ndipo nikatulia. Unajua siku ile mchungaji wa kanisa aliniambiaje? "Nyamaza, Hester, unapayuka." Nikanyamaza. Huu mwaka wa thelathini na moja, na Gideon hajalitaja jina la mtoto wetu hata mara moja.

Yarudishe. Na huyo mwigizaji wako asithubutu kupiga kelele! Mimi sikupiga kelele. Nilisema kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Tunakuja. Gideon anasema michezo ni upuuzi, lakini suti ameshaitoa kabatini.

Mama yako mkubwa,
Hester

Fraserburg, 21 Aprili 1971

Alida mwanangu,

Hujambo? Tumefika salama. Asante kwa viti vya mbele. Mtu wa nyuma alininong'oneza nivue kofia, nikajifanya kiziwi.

Yule mwanamke aliposema maneno yangu, taratibu, kama anaomba chumvi, ukumbi mzima ulilia. Wanaume wazima, Alida, wafugaji! Na hakuna aliyemwambia anapayuka. Miaka yote hiyo nilidhani siku ile akili iliniruka. Kumbe nilikuwa mama tu. Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie.

Gideon hakusema neno mpaka treni ilipoipita Worcester. Hapo akavua kofia, akaiweka magotini. "Nililileta, Hester," akasema. "Taulo. Wewe walikuwa wameshakutoa nje. Nilimkausha nywele mimi mwenyewe, mpaka zikakauka kabisa."

Tumeongea habari za Wessel njia nzima hadi nyumbani.

Mama yako mkubwa,
Hester

na Baba yako mkubwa,
Gideon (nimeomba kalamu mwenyewe)