Pua kwa Pua

Liège, Jumatano, kisha kazi

Yaya wangu Nabintu, dada yangu mukubwa,

Jambo sana. Miguu ya Maman inaendelea aje? Bado inavimba akipanda kilima ya Kadutu, ao alikubali sasa abakie nyumbani, weye peke yako uende soko? Na bwana yako, alishapona kile kikohozi? Mimi, mwili iko muzima. Nakula, nalala, stage yangu, haya mafunzo ya kazi ku kiwanda, inaendelea, zile mashine za kukata chuma nilishazizoea. Ni roho njo haiko muzima. Niko na hasira, yaya, na hapa sina mutu wa kumuletea, njo maana naleta kwako. Unisamehe kama kalamu inatoboa karatasi.

Uliniuliza muchezo wa siku ya yenga, siku ya misa, ulienda aje. Unasema ulishawatangazia wamama wa paroisse kama mutoto wenu atapelekwa Bruxelles na ekipe. Basi uwaambie siendi. Lakini uwaambie pia sikushindwa. Nitakuelezea polepole, juu nataka uone na macho yako.

Luc, ule rafiki yangu tunafanya naye kazi mashine kwa mashine, njo aliniingiza mu kikundi chao. Wanakutana kisha misa mu sale ya parokia. Wanatandika meza kubwa, wanaweka milima ya karton, barabara, muto, kisha wanapiganisha blindé, zile gari za vita za chuma, lakini ndogo za kuenea mu kiganja. Najua utacheka. Weye uliona za kweli zikipita kule Bukavu, watu wamejificha chini ya vitanda, na mimi mutu mwenye ndevu naenda kuzicheza, lati ya kupimia mukononi kama mwanafunzi! Lakini ni muchezo wa akili, yaya. Ku barabara blindé inaenda mbali, mu matope inaenda kidogo, muto haivuke ila ku daraja. Unafikiri, unahesabu, unamungojea mwenzako akosee. Nilipenda sana. Ku ile meza nilikuwa nasahau baridi, nasahau na ile kiti inabakiaka tupu pembeni yangu mu tramu, hata watu wakiwa wamesimama. Zangu nilizipaka rangi mwenyewe, nyekundu ya udongo wa kwetu Nyantende.

Sasa sikia sheria moja, juu ni hiyo moja njo iliniua. Kitabu ya muchezo inasema blindé inaenda sentimetre fulani. Haisemi unapimia wapi. Siku yangu ya kwanza, Luc alishika lati akaniambia mbele ya wote: "Pua kwa pua, Mugisho. Unaweka lati ku pua ya blindé, na pale lati inaishia, pua inafika pale. Hapa kwetu tunacheza vile." Na kweli wote walikuwa wanacheza vile.

Ile yenga nikakutanishwa na Marcel, chef wetu wa atelier, mukubwa wetu ku kazi. Mwenye kushinda anaenda Bruxelles. Daraja ilikuwa moja tu, katikati ya meza, na mwenye kuifikia wa kwanza njo anafunga barabara. Nilikuwa nimehesabu vizuri: yeye atakwama mbele yake kidogo, kisha mimi nitaingia. Marcel akaweka lati ku pua ya blindé yake, lakini pale lati inaishia hakuleta pua. Akaleta mukia! Unaona, yaya? Mwili muzima wa blindé umepita mbele ya lati, bule. Pua yake ikapanda daraja.

Nikasema: "Monsieur Marcel, hapana. Ni pua kwa pua."

"Kitabu haisemi vile," akanijibu. "Kitabu inasema blindé inaenda. Basi imeenda."

Prezidá wa kikundi, muzee mumoja mwenye kiko, akasoma ule mustari, akainua mabega: "Ni kweli, kitabu haikatae."

Sawa. Nikameza. Zamu yangu ikafika, na mimi nikapima vilevile, mukia ku mwisho wa lati. Blindé yangu ikagusa daraja upande wangu. Marcel akapiga meza mupaka milima ya karton ikaruka. "Ah non! Huyu iko naiba!" Prezidá akavuta kiko, akaniambia kwa upole, kama vile unamuambia mugonjwa: "Wewe umetoka mu matope, mon ami. Mu matope tunapima pua kwa pua."

Matope gani, yaya? Sheria gani hii, inalala Marcel akipita, inaamuka nikipita mimi?

Nikauliza. Marcel akawageukia wengine: "Mumusamehe. Kule kwao sheria inabadilika kila asubui." Wakacheka. Wote.

Nikamuangalia Luc. "Luc, weye njo ulinifundisha. Waambie."

Luc akaangalia ile lati kama kitu hajaonaka. "Sikumbuke vizuri," akasema.

Marcel simusumbukie. Mwizi anaiba, ni kazi yake. Lakini Luc! Luc mwenye alikula sombe yangu akalamba na sahani. Luc mwenye bibi yake alinisukia chandai, sweta ya baridi. Sikumbuke vizuri! Utaniuliza juu ya nini sikupiga meza na mimi pale pale. Yaya, Marcel akipiga meza, wanasema Marcel ana hasira. Mimi nikipiga meza, wanasema Congo muzima iko vile. Basi nikarudisha blindé yangu nyuma, nikamaliza muchezo wao, daraja ikabaki ya Marcel. Nikawapa mukono, mumoja mumoja, hata Marcel. Ule mukono unanichoma mupaka leo.

Inje, Luc akanikimbilia pale tramu inasimamaka. "Mugisho, usinikasirikie. Marcel njo anasema nani abakie ku kazi na nani afukuzwe. Niko na watoto. Na kisha, ni muchezo tu."

"Kama ni muchezo tu, juu ya nini hamukuniachia?"

Akarudia: "Niko na watoto, Mugisho."

Nikamuambia: "Haya unaniambia mimi, rudi ndani uwaambie wao." Akageuka kuangalia mulango. Walikuwa bado wanacheka mule. Hakurudi. Tramu ikafika, nikapanda.

Jumatatu asubui akanifikia na kopo mbili za kahawa, moja yangu, kama kila siku. Mu Kifaransa sisi wawili tulikuwa tunaitana "tu", vile watu wa nyumba moja wanaitana. Nikamuambia: "Bonjour, Monsieur. Vous allez bien?" "Vous", kama vile unamuambia mugeni. Akabaki amesimama na kopo zake, uso umekuwa mwekundu. Nikawasha mashine.

Usiniandikie kama nimusamehe. Padri akisema, nitamusikiliza. Weye, kwa sasa, unikasirikie pamoja na mimi.

Unisalimie bwana yako, na tonton Cishugi wa kule Nyantende, umuambie mbegu za kabeji nilishazipata. Unisalimie binamu yetu mwenye kuendesha kamyo, akirudia ku Sange. Wamama wa paroisse uwaambie namna unaona vizuri.

Na Maman, usimusomee hii barua. Usiku hatalala. Akikuuliza kama nilishinda, umujibu ndiyo. Hautakuwa umemudanganya.

Mudogo wako,
Mugisho