Jiwe la Kijani la Tata

Mjukuu wangu Kapinga,

Sisi huku Kolwezi tu wazima. Shangazi yako amejifungua msichana, naye analia kama king'ora cha mgodi. Unauliza ulifunge kangaga, ule mmea wako wa tangi la samaki, kwenye jiwe gani, kwa kuwa mchangani limeoza.

Nilipokuwa mwanafunzi, darasa letu lilifuga samaki katika tangi la kioo. Mimi nililetea kangaga letu jiwe la kijani kutoka mgodini, zawadi ya baba yangu, Tata, nikalifunga hapo kwa uzi. Siku ya tatu konokono walikuwa wamekufa, na samaki wanahema juu ya maji.

"Toa hiyo jiwe mbio," mwalimu akasema. "Iko na shaba. Shaba inaua samaki."

Tulibadilisha maji, nikaokota jiwe la kijivu mtoni. Samaki walipona. Kangaga lilishika mizizi, hata majani yake makuukuu yakazaa miche.

Nyumbani Tata aliuliza, "Jiwe yangu iko inatumika?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Tata. Iko inashika mulango wa darasa."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Nakutumia mche kwa treni, ndani ya kitambaa chenye maji. Jiwe litafute mwenyewe huko Lubudi, lile ambalo watu hulipita tu.

Nkambo wako anayekupenda