Rufaa ya Kadi za Kliniki

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya wakala wa ununuzi wa serikali imefika. Tumeshindwa zabuni. Aya tatu, mhuri wa zambarau, na neno "tunasikitika" ambalo hakuna aliyesikitika wakati wa kuliandika. Kadi za kliniki za mama na mtoto, nchi nzima, miaka miwili – zimekwenda kwa kampuni ambayo hakuna mchapaji anayeijua. Nimewapigia simu wachapaji saba. Mmoja akauliza kama hao si wale wa maziwa.

Sampuli yetu imepewa alama kumi na moja kati ya ishirini. Yao kumi na nane. Sababu: "ubora wa uchapaji na ukataji." Ukataji! Mzee Kisu anakata karatasi kiwandani kwetu tangu enzi za marehemu baba, mimi bado na sare ya shule.

Tuna siku saba za kukata rufaa. Mdogo wangu anasema tuliache. Yeye ndiye anaendesha kiwanda; mimi naandika makala na kugombana na watu. Eti mwakani kutakuwa na zabuni nyingine. Nimemwambia kuacha sikufundishwa. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mashine.

Jumanne, 4 Machi

Kanuni za zabuni, kurasa mia na ishirini, kalamu nyekundu. Nimesoma vitabu vingi vya jinsi dola zinavyoanguka. Waandishi wote wanaandika vita. Hakuna anayeandika vya kutosha kuhusu nani aliuza buti za askari.

Nimepata! Mzabuni lazima athibitishe kwamba ana mashine zake mwenyewe. Barua ya wakala haisemi kama kuna mtu aliyekwenda kuziona za hao mabwana.

Rufaa imefika kurasa kumi na tisa. Nimempa mdogo wangu aisome. Alisema inatosha kabla hajafungua ya pili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewasilisha. Nakala ya wakala ilipokelewa na afisa ugavi wao – namwita Bwana Utaratibu, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: anasoma makala zangu zote, hata ile iliyomsema yeye. Nikamwambia nafurahi, nyingine iko njiani. Akacheka kwa meno ya mbele tu.

Usingizi haukai. Hata chai nainywa nimesimama.

Jumatano, 12 Machi

Mbele ya bodi ya rufaa. Mwenyekiti ni jaji mstaafu, mama mmoja mwenye sweta la kijivu, hataki hotuba. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Akanikatiza mara mbili. Ya pili akasema, "Mama, hapa si gazetini. Nionyeshe."

Nikaomba sampuli ziletwe. Karani akaweka mezani mafungu mawili ya kadi, kila moja na kijikaratasi cha namba. Nikashika lao. Karatasi nzito, wino safi, pembe zimenyooka. Kazi nzuri – iliniuma kukiri.

Nikaligeuza fungu ubavuni.

Kwenye ukingo kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umepita kutoka kadi ya kwanza hadi ya mwisho. Mstari huo naujua. Kisu cha mashine yetu ya kukatia kina pengo tangu Mzee Kisu alipokata rundo lenye pini ndani. Kila tunachokata kinatoka na mstari ule. Wachapaji wenzetu hututania kwamba ndiyo sahihi yetu. Nikachukua fungu letu. Mstari uleule, mahali palepale.

Mashine moja. Sampuli moja imepata kumi na nane, nyingine kumi na moja!

Mwenyekiti akauliza nimeona nini. Nikasema naomba muda. Amenipa hadi Ijumaa.

Siku hiyohiyo, saa kumi na moja jioni

Nimetoka kiwandani. Mdogo wangu alikuwa anafunga katoni. Hakukana. Kuna mtu alikuja na flashi, akataka kadi hamsini ndani ya siku mbili. Jina la kampuni hakutoa. Mdogo wangu aliona ni kadi za kliniki, akaona tarehe ya zabuni imekaribia.

"Nilishuku, Dada. Sikuuliza."

Kwa nini? Ndipo akaniambia, huku anaendelea kubandika utepe wa gundi kwenye katoni. Tangu makala zangu za mwaka jana kuhusu rushwa ya zabuni, shule zilizokuwa zinachapa fomu kwetu zimehama moja moja. Wanaogopa kuonekana na sisi. Mafundi wanne walikuwa wanakaa tu, wanacheza drafti. Ikaja kazi, akaichukua. Yote hayo nilikuwa siyajui. Nilikuwa naandika.

Na fomu yetu ya zabuni aliitia sahihi yeye. Mle ndani kuna kiapo kwamba hatujashirikiana na mzabuni mwingine kwa namna yoyote. Kifungu cha adhabu yake nilikipigia mstari mwekundu kwenye kanuni Jumanne ile, nikiwalenga wao: kampuni inafungiwa miaka mitano, aliyetia sahihi anashtakiwa.

Kwa hiyo naweza kushinda. Nahitaji sentensi moja tu: kadi zao zilichapwa kwetu. Ushindi wao unakufa hapo hapo, na mdogo wangu anakwenda nao.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeandika barua ya kuondoa rufaa. "Kwa sababu binafsi." Maneno matatu niliyowachekea wakubwa wangapi walipojiuzulu! Nimeichana. Nimeiandika tena.

Nikaenda kiwandani kumwambia kwamba kesho naiondoa rufaa. Nilidhani atashukuru. Alikuwa anafuta wino mikononi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Angekuwa mdogo wa mtu mwingine, makala ingeshatoka."

Hakusema kwa hasira. Ningeiweza hasira. Nikamwambia anyamaze, mimi ndiye mkubwa. Akasema sawa, Dada.

Mzee Kisu kule pembeni akanung'unika kwamba kisu kile angeshakinoa zamani kama kuna mtu angemsikiliza.

Ijumaa, 14 Machi, saa tatu asubuhi

Naandikia gotini, kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha bodi. Bwana Utaratibu amepita, akarudi, akainama kunisalimia. Akauliza hali ya kiwanda. Akasema mwezi ujao kuna fomu za hospitali za kuchapwa, wakala hauna kinyongo na mtu, na mashine nzuri kama zile zisikae bure.

Mashine nzuri kama zile. Anajua! Amejua tangu mwanzo ni nani aliyechapa, na alama akazigawa vilevile. Barua iko mkobani. Mkono wangu uko juu ya zipu, kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Mlango ule umefungwa bado.

Mdogo wangu ametokea mwisho wa korido. Sikumwita. Amevaa shati la harusi yake na amekumbatia daftari la oda, lile kubwa la jalada gumu, ambamo kila kazi inayoingia kiwandani, hata zile kadi hamsini, huandikwa kwa mkono wake. Nimemwambia arudi nyumbani. Nimemwambia mara ya pili, kwa sauti ya mama. Amekaa kwenye benchi la mbele yangu na kumuuliza karani mashahidi wanaingilia wapi.

Wameita namba yetu. Nimeshika barua. Yeye ameshasimama, tena hanitazami, na karani anamuuliza jina –