Kola Shingoni mwa Mtu

Mjukuu wangu Zaina,

Assalaam alaikum. Hapa Jinja tu wazima. Mjomba wako amepata binti, na goti langu linanisumbua kidogo tu.

Unauliza kama uache ofisi huko Mbale uje shambani kwetu Budondo kulima, kwa sababu umechoka kuwajazia fomu watu usiowaona, na eti kazi ya mikono haichoshi roho. Nani kakudanganya? Ujanani nilishona kola kiwandani, kola tu, shati zima sikuliona. Nilichoka kama wewe.

Siku moja sokoni nikaiona kola yangu shingoni mwa mwanamume nisiyemjua. Niliitambua kwa mshono, maana ncha nilizirudia mara mbili. Nikaishika.

"Dada, kuna nini?"

"Kola hii nimeishona mimi," nikasema kwa aibu.

Akainama niitazame vizuri. "Haijawahi kunikwaruza," akasema.

Kesho yake nilishona kola zilezile, polepole zaidi, mpaka msimamizi akanigombeza.

Jembe lipo. Lakini kwanza mtafute mtu mmoja uliyemjazia fomu, umuulize ilimfikisha wapi. Kama haikumfikisha popote, njoo tulime.

Bibi yako, anayekagua kola za watu mpaka leo.