Aliyesubiriwa Chini ya Saa

Jumatatu, 2 Juni
Baridi. Nimeshona sare za shule tangu asubuhi, vidole vina ganzi. Mafundi wamepanda tena kwenye ile saa ya barabarani karibu na soko. Wametoa kiota cha ndege na matangazo ya waganga. Haijatembea tangu binti yetu Frida yuko shule ya msingi. Sasa Frida ana watoto. Baba Frida amesimama kuwatazama mpaka chai yake imepoa hapa kibarazani kwangu.

Jumatano, 4 Juni
Redio ya mjini inatafuta wanaoijua historia ya saa. Mume wangu kajitolea. Alibeba zege nguzo iliposimikwa, enzi za ujana wake. Amepiga pasi shati. Kwa redio. Nani atamwona?

Alhamisi, 5 Juni
Nimesikiliza huku nashona. Alianza vizuri. Saa ilikuwa na nyuso nne na kila uso na majira yake. Watu walichagua unaowafaa. Waliochelewa kazini waliapa kwa ule wa upande wa soko. Umeme ukikatika, zote zinalala. Mwishowe wezi wakakata nyaya, ikafa.
Mtangazaji akamwuliza kumbukumbu yake mwenyewe. Akasema alikuwa akimsubiri msichana pale kila Jumamosi. Klementina. Akacheka. Kicheko hicho sikijui.
Miaka yote hii sijawahi kulisikia jina hilo. Sisi tulikutana kwenye foleni ya hospitali, yeye na malaria, mimi na jipu. Nimeshona mkono wa shati nje ndani. Nimefumua.

Ijumaa, 6 Juni
Muuza dagaa kaniuliza kama mimi ndiye Klementina. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini.
Nina wivu. Umri huu, na wajukuu. Sikumpakulia chakula. Kajipakulia mwenyewe, hata hakugundua kwamba nimemsusa.

Jumatatu, 9 Juni
Nimemtafuta Klementina. Yuko mtaa wa Bombambili, mjane, anauza mkaa. Nilienda tayari kumchukia. Miguu imemvimba. Akanipa kigoda. Nikajitambulisha, mke wa yule wa redioni.
"Dada, mimi sikwenda hata siku moja," akasema. "Nilikuwa namwona kupitia dirisha la duka la mjomba. Namwacha asimame mpaka achoke. Sikumtaka."
Nilipaswa kufurahi. Nimelia kwenye bodaboda njia nzima. Huyu kasubiriwa bure, Jumamosi hadi Jumamosi. Mimi aliniita mara moja tu, nikaja.

Jumanne, 10 Juni
Nimemwambia nilikokwenda. Kainamisha kichwa. Nikamwuliza mbona mimi hajawahi kunisubiri popote.
"Wewe sijawahi kuogopa kwamba hutakuja."
Kwa upole. Nadhani alikuwa ananisifu. Imeniuma kuliko ya redioni.

Jumamosi, 14 Juni
Saa inazinduliwa leo. Baba Frida katangulia, wamemwekea kiti mbele. Kasema tukutane kulekule. Nimefunika cherehani, nimekwenda stendi, nimepanda gari la Peramiho, nimeshuka Maposeni kwa dada yangu. Sikumuaga mtu. Simu nimezima.

Jumapili, 15 Juni
Misa. Kisha kupukuchua mahindi na dada. Hajaniuliza kitu, namshukuru.
Jioni Baba Frida kafika na bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa pale mpaka viti vikakusanywa, kisha akaenda nyumbani, kisha kwa Frida, kisha hospitali kuuliza kama nimeletwa. Leo mchana ndipo akamkumbuka dada. Sauti ilikuwa inamtetemeka. Sijawahi kumsikia hivyo.
Nikamwuliza kama saa inatembea.
Hajui. Hakuitazama.
Nimempelekea maji ya moto bafuni. Amekuja kuketi nasi, kavuta gunia. Tumepukuchua watatu mpaka giza likaingia.