Maombi Yangu Yaliyoishia Kabatini

Adelina mwanangu,

Marahaba. Najua hujanisalimia, lakini hukuwahi kuanza neno na mimi bila shikamoo, kwa hiyo naipokea hata kama haijafika.

Nakuandikia nimekaa barazani, kahawa imeanikwa mbele yangu, kuku wananitazama kama wezi. Utashangaa mama ameanza lini kuandika barua. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliuzungusha darasa zima watu wauone, na hilo unalijua, nilikuwa nakukumbusha kila ulipochafua daftari. Basi tulia usome. Nina hasira na wewe.

Kwanza habari. Tulikuzika kibanjani, humu kwenye migomba yetu, upande wa juu karibu na bibi yako, si kule chini maji yanakotuama. Watu walijaa. Walitoka Kiruruma, walitoka Rubwera, ofisi yenu yote ya chama cha wakulima ilikuja na fulana za chama. Mchungaji alisema maneno mazuri, ila kazi yako hakuijua, akasema tu "marehemu alikuwa mtu wa kompyuta." Iliniuma. Mtu wa kompyuta ni yule anayechapa barua za watu pale stendi. Wewe ulikuwa unatengeneza. Nilitaka kusimama nimsahihishe, shangazi yako akanivuta kitenge.

Maana Nyakasimbi nzima nani mwingine angeieleza kazi yako? Ulinieleza mwenyewe, tunamenya ndizi jikoni, likizo ile uliyokuja umekonda nikakuuliza mbona umekonda, ukasema kazi nyingi.

"Mama, mkulima akigusa simu kuuliza jambo, hilo ni ombi. Ombi likifika kwetu linapokelewa na kontrola."

Nikakuuliza kama kontrola ni mtu. Ukacheka. Ukasema ni maandishi tu uliyoyaandika wewe, lakini kazi yake ndiyo hii yangu ya kwenye sherehe.

Nilikuelewa palepale. Sherehe za huku hakuna anayeingia jikoni bila kunipita mimi. Nasimama mlango wa uani. Mwenye mkungu namwelekeza kwa wamenyaji. Mwenye kibuyu cha pombe ya rubisi namtuma kwa wazee. Anayelalamika kwamba wageni wake hawajapata nyama namsikiliza, naenda kwa mpakuaji, narudi na sahani. Sipiki, sipakui. Ukasema ndivyo alivyo kontrola: anapokea ombi, anatazama linataka nini, anamwuliza anayehusika, wa bei au wa magari au wa miche, kisha anamrudishia jibu aliyeomba. "Akianza kupika mwenyewe, mama, mfumo wote unachafuka." Nikakuambia basi kontrola wa kwanza Karagwe ni mimi, wewe umeniiga tu. Hukubisha. Nililisema hilo sokoni, nikalisema kanisani, nikalisema kwenye kikundi chetu cha akina mama mpaka jirani yetu Ma Jovina akasema, "Tumesikia waitu, sasa tufungue kikao."

Na sifa yangu pale mlangoni unaijua. Nikiwa mlangoni sina ndugu. Mjomba wako, tumbo moja na mimi, nilimrudisha mbele ya wakwe zake alipotaka kupenya akachukue sahani ya pili. Ulikuwepo, mdogo, ukacheka hadi ukakaa chini. Siku ile jikoni ulinihakikishia kwamba hata kontrola wako ni hivyohivyo. Awe mwenyekiti wa chama, awe kibarua anayelima shamba la mtu, ombi ni ombi.

Ulinihakikishia, Adelina. Mdomo wako mwenyewe.

Ukanipa simu ya tachi, ukaniingiza kwenye mfumo wa chama kwa niaba ya kikundi. Wenzangu walibonyeza vidude: bei, gari, miche. Mimi niliandika, kwani mkono ninao. Nikaanza kwa adabu, na waitu yetu ya heshima: "Habari za huko waitu. Gari la kukusanya kahawa linapita lini kwetu?" Mashine ikanijibu: "Shikamoo mama. Gari ni Alhamisi asubuhi. Umekula?"

Nilikaa chini. Nikaandika kwa Kinyambo, ikajibu kwa Kinyambo. Nikaiambia mgongo unanisumbua, ikaniambia nichague kahawa nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nisiiname. Sasa mtu kama mimi ningenyamaza? Niliwaonyesha watu. Nikawafundisha akina mama: "Nyie hamjibiwi vizuri kwa sababu hamna adabu. Mashine ya mwanangu inataka salamu kwanza." Wakashika simu zao, wakaandika shikamoo, wakauliza habari za nyumbani, mmoja akauliza na ng'ombe. Wote wakajibiwa maneno yaleyale: "Ombi halijaeleweka."

Ma Jovina akaniletea simu yake puani. "Ma Adelina, mashine ya mwanao imenisonya."

Nikamwambia hakuisalimia kwa moyo.

Nilikupigia nikakusimulia yote hayo. Ukasema, "Labda ni mtandao, mama." Ulikuwa unanisikia najisifu kwa watu juu ya kitu ambacho hakipo, ukaniacha.

Halafu ukaenda Mwanza. Semina, ulisema. Semina ndefu, watu wengi, huwezi kupiga simu mara kwa mara. Nikasema sawa, mtoto anasoma. Sikuona upweke kwa sababu mashine yako ilikuwa inanijibu. Nikiuliza bei, inanijibu. Nikiuliza miche, inanijibu. Siku nyingine ilichelewa kutwa nzima, nikaigombeza, ikaniomba radhi. Mara ya mwisho iliniambia, "Funika kahawa mama, mvua inakuja." Na kweli mvua ilikuja.

Kisha Novatus akanipigia. Novatus wako mnayefanya naye kazi Rubwera, aliyekula kwangu Krismasi akaongezwa maharage bila kuomba. Akaniambia mama, kaa chini kwanza.

Yaliyofuata sitayaandika. Uliyaona kama wafu wanaona.

Msimu ulipoanza nikaiuliza mashine habari za gari. Kimya. Nikasalimia upya, labda nimekosea. Kimya. Hata lile "halijaeleweka" la akina Ma Jovina sikupewa. Wenzangu wakibonyeza wanajibiwa, ya kwangu inameza tu. Asubuhi moja Ma Jovina akaja amebeba gunia tayari: "Yangu inasema gari ni leo." Nikamwambia subirini, ya kwangu haijasema, na ya kwangu ndiyo inayojua. Walinitii, kwa heshima ya msiba. Gari likapita barabarani, likaondoka. Wanawake wazima wakapakia magunia kwenye bodaboda kulifuata Kiruruma, na mimi nimesimama hapo mikono mitupu. Nikasikia mmoja anasema bila hata kushusha sauti, "Mashine ya mwanae imemkataa."

Hilo silali nalo. Kesho yake nikavaa kitenge cha msiba wako nikaenda Rubwera. Nilimkuta Novatus ofisini. Sikumpa hata nafasi ya salamu. Nikamwambia kama mmeniondoa kwenye mfumo kwa sababu mwanangu amekufa, niambie usoni.

Akasema, "Mama, hakuna aliyekuondoa. Hukuwahi kuingia."

Akafungua kompyuta, akanionyesha. Maandishi yako hayo. Sikuyaelewa, lakini namba yangu ya simu niliiona katikati yake, peke yake, kama mtu aliyevaa njano kwenye msiba. Akanieleza taratibu. Maombi yote yanafika kwa kontrola, na langu lilifika. Ila ulimwekea sharti: ombi likitoka kwa namba hii, asilipeleke kwa wa bei wala kwa wa magari. Alipeleke kwenye simu ya Adelina, Adelina ajibu mwenyewe.

Na simu yako, mwanangu, iko kwenye kabati langu, nimeizima, nimeifunga kwenye kitenge. Wiki zote hizo nilikuwa natuma maombi kabatini kwangu.

Nikamwuliza Novatus, hata alipokuwa Mwanza? Akasema hapakuwa na semina. Ulilazwa hospitali, figo. Akasema alikuwa anakuja wikiendi kukutazama, na cha kwanza ulichomwomba ni amsogeze mgonjwa wa jirani kidogo ili upate soketi ya chaja, mama asikose jibu. Ulimwapisha asiniambie. Akaapa, yeye aliyekula maharage yangu Krismasi.

Adelina, uliniambia bei ya kahawa una mpira puani. Uliniambia nifunike kahawa mvua isiinyeshee, na wewe ulikuwa umelala na watu usiowajua, nani alikuwa anakugeuza, nani alikuogesha? Mimi niliyekuzaa nilikuwa napeta kahawa. Ningekuja. Ningeacha kila kitu kiozee pale nije. Mimi nimeuguza watu wa kijiji hiki wasio hata ndugu zangu, nimemnywesha uji mama mkwe hadi dakika yake ya mwisho, kila mtu atakuambia hakuna mkono kama wangu kwa mgonjwa. Wewe peke yako ukaukataa.

Ukaniwekea mlango wangu peke yangu, mlango wa uongo, ukaita upendo. Mimi hata mjomba wako nilimrudisha mbele ya wakwe.

Novatus akauliza kama afute ule mstari ili niwe kama wakulima wengine. Nilimwambia usiguse. Nikarudi nyumbani bila kuaga.

Nikaitoa simu yako kabatini, nikaichomeka umeme mezani, mchana, baba yako anakula. Ilipowaka zikaanza kuingia. Kengele ndogo, moja juu ya nyingine, haziishi. Zote zangu. "Gari linapita lini?" "Leo hakuna shikamoo?" "Waitu, nimekukosea nini?" Ya mwisho kabisa niliiandika kwa hasira siku gari lilipotuacha: "Hata wewe umekufa?" Baba yako aliisoma pale kwenye kioo, akaweka kijiko chini, akatoka. Nilimkuta kwenye migomba anakata majani ambayo hayakuhitaji kukatwa.

Nikampigia Novatus. Nikamwambia njoo na kompyuta yako ufute, lakini utafutia hapa kwangu, siku ya kikundi, akina mama wakiwepo. Alikuja. Niliwaeleza kila kitu, nimesimama, bila kupunguza. Nikawaambia mashine haikuwahi kunijua, aliyekuwa ananisalimia ni mwanangu, mgonjwa. Novatus akafuta. Ni kazi fupi kuliko kung'oa jani moja la palizi.

Nilingoja wacheke. Ma Jovina ndiye aliyesema kwanza. "Wangu yuko Dar, ana simu mbili. Hanijibu hata kwa moja." Akajifuta pua na kanga. Wengine wakatazama chini.

Kwa hiyo ujue hata katika uongo umewashinda watoto wao, na nimeshawaambia hivyo, nisingeweza kujizuia. Lakini usidhani kwa hilo umeponea. Nilituma ombi langu mbele yao, likajibiwa papo hapo: "Gari: Jumanne. Asante kwa kutumia huduma yetu." Kavu kama kuni. Ni jibu la kweli, na nimelipokea.

Sasa neno la mwisho, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mdogo wako Edsoni anapiga simu kutoka Geita kila Jumapili. "Mama, u mzima?" Na mimi tangu tukuzike kuna kitu kinanikaba hapa chini ya titi la kushoto, nikipanda kilima cha kisimani lazima niketi njiani. Nimekuwa nikimjibu, mzima kabisa baba, fanya kazi. Kijana kazi ameianza juzi, nilisema, nimtie hofu ya nini. Jana akapiga. Nikafungua mdomo kusema mzima, nikaikumbuka semina yako ya Mwanza. Nikamwambia kinaniuma wapi na tangu lini. Akasema anaomba ruhusa kazini, anakuja.

Nikamwambia njoo.

Pumzika mwanangu, muhara wangye. Hasira bado ninayo, na sitaimeza ili watu waseme mama amepoa. Siku itakapoisha nitapanda hapo juu kaburini kwako nikuambie mwenyewe. Ninachokuahidi ni kimoja. Edsoni akifika tunakwenda naye hospitali, na lolote daktari atakalosema, mtoto wangu atalisikia akiwa amekaa ubavuni kwangu, si kwa simu.

Mama yako aliyekuzaa,
Ma Adelina