Kibao Juu ya Kitanda cha Mama Kijiko

Mwaka umetimia, mama, tangu tulipokuzika, na hasira zetu hazijapoa. Ungekuwepo ungetuambia tukae kwanza, tunywe maji, ndipo tuongee. Tumekunywa. Bado tunaongea.

Watu walidhani kazi yako ni kuwanyima wenzako chakula. Kwenye sherehe wakikuona tu unaingia, wanafunika sahani. "Mtaalamu wa lishe huyo, ficha soda!" Nawe ulicheka, ukajipakulia kuliko wao. Hawakujua kwamba kutwa nzima wodini ulikuwa unawatafutia watu chakula, na mara nyingi hukupewa.

Ulipita kitanda kwa kitanda na utepe wako, ukipima mikono iliyokonda. Mzee aliyepigwa na kiharusi ulimkorogea maji yakawa mazito, ayameze bila kupaliwa. Ulipiga hesabu ya maziwa ya kupita kwenye mpira wa puani. Na kila kilichotoka jikoni ulikionja wewe kwanza, kwa kijiko kilichokaa mfukoni mwa koti lako jeupe. Ndiyo maana hospitali nzima ilikuita Mama Kijiko. "Kama mimi mzima kimenishinda, mgonjwa kakosa nini?" ulimfokea mpishi mkuu. Mligombana, kisha mkanywa chai pamoja.

Uligombana hata na meza. Sahani imewekwa mbali, mgonjwa hawezi kujiinua, mhudumu anakuja kuiondoa ikiwa imejaa vilevile, na wote wanasema hana hamu ya kula. "Hamu anayo. Mkono ndio haufiki," ulisema, ukavuta kiti ukamlisha.

Lakini ulichokichukia hasa ni kile kibao cha ASILE KITU, kinachotundikwa juu ya kitanda cha anayesubiri upasuaji. Upasuaji unaahirishwa, kibao kinasahauliwa, mtu anashinda na njaa. Kila asubuhi ulivizungukia vibao hivyo. "Daktari, huyu anapasuliwa leo au hapasuliwi?" Akijibu kwamba leo haiwezekani, ulikishusha papo hapo na kuagiza uji.

Ukastaafu. Wakakukatia keki, wewe wa kukatiwa keki! Wakakusifu sana, wakaifunga ofisi yako, na hawakuweka mtu mwingine. Siku hizi ni stoo ya magodoro.

Kisha tumbo likakuangusha. Wakakulaza wodi ileile, chini ya kibao kilekile. Upasuaji ukasogezwa kesho, na kesho yake, na kesho nyingine tena. Dada yako mdogo akakuletea uji kwenye chupa, kauficha ndani ya mkoba kama mwizi.

"Meza hata kidogo, dada. Nani anaona?"

"Wakinilaza kwa dawa ya usingizi nikiwa nimekula, chakula kitarudi kiingie mapafuni," ulimjibu. "Msinilishe kwa siri. Nendeni mkaulize kibao kinatoka lini."

Tulienda. Muuguzi akasema mpaka daktari. Daktari akasema mpaka nafasi ipatikane, halafu akashangaa, "Kwani si ana dripu?" Wewe ukanong'ona kwamba dripu ni maji, si chakula. Hakuna aliyekusikia ila sisi. Katika hospitali ile mtu wa kuuliza hadi ajibiwe alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa amelala pale kitandani.

Walipokupasua hatimaye, kidonda kilikataa kufunga. Wakatuambia mwili haukuwa na akiba. Maneno yako hayo, mama. Wewe ndiye uliyewafundisha kuyasema, na wakatusomea sisi bila haya.

Juzi wamempigia baba simu. Wanataka kutundika kibao chenye jina lako kwenye mlango wa ofisi ile, kwa heshima yako.

"Mke wangu kibao kimoja kilimtosha," akawaambia. "Wekeni mtu."

Unakumbukwa na mumeo, anayekula sasa kwa sababu tu anajua ungemsema. Na wanao na wakwe zako. Na dada yako, ambaye ile chupa hajaigusa tena. Na wajukuu wako wanaogombania kijiko chako kila mlo. Na mpishi mkuu, aliyelia msibani kuliko sisi wenyewe.

Hatutakusahau kamwe, mama. Kusamehe, usituharakishe.